Mwenda wa Bayeke na albamu iliyotoka baada ya kufa kwake

Mwaka 1994 kampuni ya Rounder ya Marekani, iliyokuwa wakati huo na makao yake Cambridge katika jimbo la Massachusetts, ilitoa diski moja ya gitaa na sauti. Jalada lilimtaja mwimbaji kwa jina la Mwenda wa Bayeke, likamwita gwiji wa gitaa la Afrika, na kusema kwamba hii ndiyo albamu yake ya studio. Nyimbo zenyewe zilikuwa zimerekodiwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1988. Mwenye kuziimba alikuwa amekwisha kufa tangu 1990. Alikuwa mtu wa kwetu, mzaliwa wa Bunkeya. Tunataka kuwaeleza ndugu wa makanisa ya mashariki habari za maisha yake, kwa sababu wengi wenu mmekwisha kusikia upigaji wake, au wa watu waliojifunza kwake, bila kujua jina lake.

Tunaandika kutoka Mutshatsha, magharibi ya Kolwezi, kwenye njia ya reli iendayo Dilolo na mpaka wa Angola. Kwa msomaji wa Bukavu, Uvira au Goma huku ni mbali, na pengine jina la Mutshatsha amelisikia tu katika habari za vita vya 1977. Tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, sisi na Bunkeya tumo katika jimbo moja la Lualaba, ingawa Bunkeya iko upande wa mashariki, karibu na Likasi kuliko na sisi. Reli inayopita hapa ilikamilika mwaka 1931, Mwenda akiwa mtoto mchanga. Ilijengwa ili shaba ya Katanga ifike upesi bandarini Lobito. Shaba hiyo ilitoka ikiwa mzigo usio na jina la mtu, ikaja kurudi ikiwa waya, sufuria na hata nyuzi za gitaa, maana zile nyuzi nene za gitaa la kawaida huzungushiwa waya uliochanganywa na shaba. Yaliyompata Mwenda yanafanana na safari ya mzigo huo, ndiyo maana tumeanza na reli.

Kwanza Bunkeya. Kabla ya Wabelgiji, hapo palikuwa mji mkuu wa mfalme M'siri, ambaye watu wake, Bayeke, walitoka upande wa Unyamwezi, karibu na Tabora, wakifuata shaba na pembe za ndovu. Walikuja na biashara na njia za misafara, na lugha ya pwani ikapita katika njia hizohizo. Mwezi wa Februari 1886 alifika Bunkeya kijana Mskoti, Frederick Stanley Arnot, wa jamii ya Ndugu wa Plymouth, akitokea Benguela kwenye pwani ya Angola. Hakuwa na askari wala bidhaa za kutosha hata kumfurahisha mfalme, lakini M'siri alimruhusu akae. Dan Crawford alifika mwaka 1890. Basi historia ya kazi ya Waprotestanti katika Katanga inaanzia katika kijiji hicho ambacho leo madereva wengi wa Kolwezi hawajui njia yake. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliotumwa kwa jina la mfalme Leopold, na nchi ikaingia mikononi mwa wengine. Lakini jina lake, Mwenda, lilibaki kuwa jina la heshima la ukoo wa watawala wa Bayeke mpaka leo.

Mtoto wetu alizaliwa Bunkeya mwaka 1930 akapewa jina hilo. Katika ubatizo aliitwa Jean Bosco, kwa heshima ya padri wa Italia aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, ambao walikuwa wakifanya kazi Katanga tangu 1911. Kwa hiyo hakuwa mtoto wa misheni ya Arnot, tusidanganye msomaji. Wakatoliki walimbatiza, na jina la Jean Bosco ndilo lililoandikwa kwenye santuri zake zote za kwanza. Mpaka leo wazee wa Kenya wakimtaja humwita Bosco tu.

Kijana huyo alikulia kati ya kijiji na shaba. Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, ulikuwa mji wa viwanda vya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na Angola, wakawekwa katika kambi za nyumba zilizopangwa mistari. Katika kambi hizo Mluba aliishi ukuta kwa ukuta na Mbemba, na Mchokwe na Mnyarwanda, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hiki cha kwetu, ambacho wenye kufundisha sarufi hukicheka, kilikuwa lugha ya kazi, ya soko, ya mahubiri na ya jioni. Nacho kilihitaji nyimbo. Ngoma ya kijijini ilidai watu wa kabila moja na nafasi ya uwanja. Gitaa lilihitaji mtu mmoja na kiti.

Magitaa yalifika kwa njia nyingi, kwa mabaharia, kwa wafanyabiashara na kwa maduka ya Wagiriki na Wareno mijini. Kusikia kulifika kwa santuri. Tangu miaka ya 1930 Kongo ilipokea santuri za Kuba zilizoandikwa herufi G.V., ambamo Trio Matamoros na wenzao waliimba kwa Kihispania, na watu wa Kongo waliziiga bila kujua neno moja. Pamoja nazo zilikuja sinema za kaoboi. Hizi zilishika vijana kwa nguvu sana. Miaka ya 1950 kule Léopoldville vijana wa mitaani walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama wachunga ng'ombe wa Marekani. Mwenda naye alipenda sinema hizo, na wanaochunguza muziki wake huzihesabu miongoni mwa vitu vilivyomwathiri, pamoja na santuri za Kuba na muziki wa asili wa mashariki ya Kongo na Zambia.

Muziki wa kantri wa Marekani ulitembea Afrika kuliko watu wengi wanavyodhani. Jimmie Rodgers wa Mississippi, mfanyakazi wa reli aliyekuwa mwimbaji na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, aliuza santuri mpaka vijiji vya Kenya. Mwaka 1950, katika nchi ya Wakipsigis, walirekodiwa wasichana wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala, ambaye ndiye Jimmie Rodgers aliyetamkwa kwa ulimi wa pale. Wasichana hawakujua kwamba walikuwa wakimwimba mtu aliyekuwa ameshazikwa miaka kumi na saba. Aliyewarekodi alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, na miaka miwili baadaye Tracey huyohuyo alifika Jadotville.

Ilikuwa mwaka 1952. Tracey alisafiri na mashine zake katika gari, akitafuta muziki wa Waafrika kijiji kwa kijiji, na mara nyingi alishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kati ya chombo na mdomo wa mwimbaji. Katika mitaa ya Jadotville alimkuta kijana wa miaka 22 mwenye gitaa. Mojawapo ya nyimbo alizorekodi siku hizo iliitwa Masanga. Nyingine ni Bombalaka. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ilizitoa kwa alama ya Gallotone, na mwaka huohuo Masanga ikapewa tuzo ya Osborn kuwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka. Santuri zikaenda Rhodesia, Nyasaland, Tanganyika, Uganda na Kenya, penye gramofoni ya kuzungusha kwa mkono na watu wa kuizunguka.

Tuseme kidogo alifanya nini hasa, maana sifa bila maelezo haimsaidii mtu. Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kuume, gumba na cha shahada. Gumba lilishughulika na nyuzi nene, likitembea kwa hatua yake bila kuchoka. Kidole cha shahada kilijibu juu kwa nyuzi nyembamba, na mapigo yake hayakuangukia mahali pale pale pa gumba. Mwenye kuimba katika kwaya ataelewa upesi. Ni kama besi na soprano kila mmoja ana wimbo wake, wanakutana mwisho wa mstari, halafu wanaachana tena, ila hapa wote wawili wamo katika mkono mmoja. Tena Mwenda hakurudia ubeti kwa namna ileile. Kila mara alibadili kitu, na mtu aliyejaribu kumfuata kwa kusikiliza santuri alijikuta amepotea katikati. Mtaalamu wa London, David Rycroft, alikaa na santuri hizo akaandika noti zake moja moja, na kazi yake ikachapishwa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, kwa sehemu mbili, kama mtu anayechambua kazi ya mtunzi mkubwa wa Ulaya. Sisi tunaona alikuwa na haki kufanya hivyo.

Maneno yake yalikuwa ya kambi na nyumbani, ya mume na mke, mtoto, fedha, pombe, safari na kifo. Yote kwa Kiswahili cha Katanga, bila kujaribu kusema kama watu wa Zanzibar. Mkenya aliyesikiliza alikosa neno hapa na pale, lakini hakukosa maana. Ndugu zetu wa Kivu wangeelewa karibu yote. Hilo ndilo lililompa Mwenda nafasi ambayo waimbaji wa Léopoldville, wenye Kilingala, hawakuipata mapema katika Afrika ya mashariki.

Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 alikaa Nairobi kwa muda. Huko alikuwa na kipindi chake katika redio, na alifanya nyimbo za kuitangaza Aspro, dawa ya kichwa. Msicheke. Tangazo la redio lilimlipa mwanamuziki kwa uhakika kuliko santuri, maana desturi ya siku zile katika sehemu nyingi za Afrika ilikuwa kumlipa mwimbaji mara moja, akatia sahihi au alama ya kidole, halafu kampuni ikaendelea kuuza. Jamaa yake, Edouard Masengo, naye mpiga gitaa wa Katanga, alikwenda Kenya pia na kujulikana huko. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kilijifunza kwa kuwasikiliza hawa wawili. Wapo waliopiga mtindo huo magharibi ya Kenya kwa miaka mingi wakiuita wa kwao, na kwa kweli ulikuwa umekwisha kuwa wa kwao.

Mwenda alirudi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi, na huko hakula kwa gitaa peke yake. Alifanya kazi katika benki, akafanya kazi Gécamines, akaongoza bendi, akapiga hotelini. Wanaomtaja ng'ambo huwa wanaona ajabu kwamba mtu aliyepewa tuzo alikuwa karani. Sisi hatuoni ajabu. Katika miji ya shaba mtu mwenye akili alitafuta kazi yenye kadi, nyumba na mgawo wa unga mwisho wa mwezi, na jioni akafanya alichokipenda. Wazee wengi wa kanisa, hata wachungaji, waliishi hivyo.

Nchi ilibadilika upesi. Katanga ilijitenga Julai 1960 na kurudishwa mwanzoni mwa 1963. Muziki pia ulibadilika. Bendi za Léopoldville zilikuwa na magitaa ya umeme matatu, saksofoni na ngoma, na redio yenye nguvu iliwafikisha kila mahali. Mtu mmoja mwenye gitaa la mbao hakuweza kushindana nao katika baa yenye watu mia mbili. Mwenda mwenyewe alijaribu bendi. Lakini kilichomfanya awe yeye ni ule mkono mmoja wenye sauti mbili, na katika bendi kazi hiyo hugawanywa kwa watu wawili au watatu. Kwa maoni yetu, huko alipungukiwa zaidi kuliko alivyopata.

Mwaka 1969 aliitwa Marekani, kwenye tamasha la Newport huko Rhode Island, ambako kila mwaka walikusanyika waimbaji wa muziki wa kienyeji na wa vijijini. Mwaka huohuo jukwaani hapo alisimama Johnny Cash, mwimbaji mkubwa wa kantri wa wakati wake. Karani wa Lubumbashi aliyekulia katika sinema za kaoboi alifika katika nchi ya kaoboi wenyewe, na alikwenda kuwapigia kitu ambacho wao hawakuweza kukipiga. Kisha akarudi kazini.

Mwaka 1971 Kongo ikawa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka uliofuata raia waliamriwa kuacha majina ya ubatizo ya Kizungu. Jean Bosco akaondoka katika karatasi, akabaki Mwenda wa Bayeke. Amri hiyo iliwaumiza Wakristo wengi, Wakatoliki kuliko wote, na hatuisifu. Lakini kwa upande wake ilitokea kwamba jina lililobaki lilikuwa la zamani na zito kuliko lile lililoondolewa. Ndilo alilotaka liandikwe baadaye, hata serikali zilipolegea.

Miaka ya 1970 ilikuwa ya kimya kwake. Alikuwa na shughuli zake Lubumbashi, na hoteli Sakania, mpakani na Zambia, mahali ambapo malori na treni husimama na wasafiri hutafuta pa kulala. Kwetu huku miaka hiyo haikuwa ya kimya. Mwezi wa Machi 1977 askari wa FLNC waliotoka Angola walifuata reli na kuishika Mutshatsha, na mwezi wa Aprili jeshi la Zaire likisaidiwa na Wamoroko likairudisha. Mwaka uliofuata ikawa Kolwezi yenyewe, Mei 1978. Watu waliokimbia kwa miguu porini hawakubeba gramofoni. Santuri nyingi za nyumba za huku zilipotea katika miaka hiyo miwili, pamoja na picha za harusi na vitabu vya nyimbo.

Mwaka 1979 alifika Lubumbashi kijana Mwingereza, John Low, mpiga gitaa, ambaye alikuwa akiwatafuta wapigaji wa Katanga wa miaka ya 1950 aliowajua kwa santuri tu. Aliwakuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo, akakaa nao, akajifunza kwao, akaandika kitabu kidogo cha safari hiyo kiitwacho Shaba Diary, kilichochapishwa Vienna mwaka 1982. Mwaka huo wa 1982 Mwenda mwenyewe alikwenda Ujerumani, akapiga huko. Tangu hapo watu wa nje walijua kwamba bado yu hai na kwamba mkono haujapotea.

Ndipo ikaja Cape Town mwaka 1988. Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, na wasanii wengi wa dunia walikataa kwenda. Mwenda alikwenda. Kuna watakaomlaumu. Sisi tunakumbuka kwamba santuri zake za kwanza zilitengenezwa na kuuzwa na kampuni ya nchi hiyohiyo, na kwamba alikuwa mtu wa miaka 58 aliyekuwa bado hajapewa hata mara moja nafasi ya kukaa katika studio nzuri na kuacha kazi nzima yenye mwanzo na mwisho. Hayo yalikuwa mizani yake, na sisi hatutaki kumpimia sasa kwa mizani nyingine.

Msomaji wa leo, mwenye simu inayorekodi bila kikomo, huenda asione uzito wa jambo hili. Upande mmoja wa santuri ya zamani ulichukua dakika tatu hivi. Mpiga gitaa aliyezoea kuuzungusha wimbo jioni nzima alipaswa kuukata kama kitambaa. Alipewa ishara aanze, alipewa ishara amalize, na aliyechagua nyimbo zipi zitolewe na zipi zikae kabatini hakuwa yeye. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na sita dunia ilimjua Mwenda kwa vipande vya dakika tatu tatu, vilivyokatwa akiwa kijana. Albamu ya studio maana yake ni kwamba mzee huyu alikaa chini akachagua, akapima, akarudia pale alipotaka. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Hilo halituudhi. Wimbo juu ya mali na kifo unakaa vizuri katika mdomo wa mtu aliyeona vyote viwili.

Hakuishi kuona albamu hiyo ikitolewa Marekani. Mwaka 1990 alikufa katika ajali ya gari upande wa Zambia. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Hapo inafika sehemu ya habari hii inayotusumbua. Rounder waliotoa albamu hiyo mwaka 1994 ndio walewale waliokuwa wametoka tu kuzitoa upya santuri zote za Jimmie Rodgers. Kwa hiyo mfanyakazi wa reli wa Mississippi na karani wa Lubumbashi waliwekwa katika orodha moja ya kampuni moja, na mtu wa Boston aliweza kuwanunua wote wawili siku moja. Je, mtu wa Likasi? Mwaka 1990, mwaka uleule wa kifo cha Mwenda, mgodi wa Kamoto hapa Kolwezi uliporomoka, na Gécamines ikaanza kuanguka. Mwaka 1992 na 1993 jirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala vituoni kwa wiki na miezi wakingoja treni, na watoto wengi walikufa hapo. Zile kambi ambamo makabila yalizoeana kwa Kiswahili, na ambamo nyimbo za Mwenda zilizaliwa, zilikuwa zinapasuka. Mwaka 1994 wenyewe, ninyi wa Goma na Bukavu mnajua mlichokiona barabarani. Albamu ilitoka wakati ambapo hakuna mtu wa nchi yake aliyekuwa na nafasi ya kuisikiliza, wala dola za kuinunua, wala umeme wa kuipigia.

Ndiyo maana leo kijana wa Kolwezi anayetaka kujifunza mkono wa Mwenda humtafuta katika intaneti, na mara nyingi anayemkuta akimfundisha ni Mzungu, ambaye huonyesha kwa uvumilivu jinsi gumba linavyotembea. Hatuna ugomvi na mwalimu huyo. Bila watu kama Tracey, Rycroft na Low tusingekuwa na kitu cha kusikiliza, na rekodi za Tracey zinatunzwa mpaka leo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, iliyoko sasa Makhanda, Afrika Kusini. Lakini reli yetu inasemwa tena sana siku hizi, kwa jina la Korido ya Lobito, na kila mtu huzungumzia tani zitakazopita. Sisi tunaopakana nayo tunajua kwamba si shaba peke yake iliyotoka hapa kwa njia hiyo.

Na makanisa? Gitaa lilichelewa kuingia ndani ya milango yetu. Kwa miaka mingi lilihesabiwa chombo cha baa, na mpigaji aliyeokoka mara nyingi aliambiwa aliache nje. Wengine waliliuza. Leo hakuna kwaya ya vijana isiyo na magitaa, ya umeme yote, yakipigwa kwa mtindo wa Kinshasa au wa Marekani. Wazee wachache waliobaki wanaojua kupiga kwa vidole viwili hukaa katika viti vya nyuma, wala hakuna anayewauliza. Hakuna sheria ya kanisa inayozuia zaburi kuimbwa kwa mkono huo. Katika parokia zenu za Kivu na Tanganyika wamo wazee wa namna hii, waliojifunza miaka ya 1960 kwa kusikiliza redio ya Nairobi au santuri za Gallotone. Mmoja akiombwa kupiga kabla ya ibada, kijana mwenye simu akae karibu yake arekodi, aandike jina lake, mahali alipojifunza na mwaka.

Kuhusu santuri zenyewe, tunajua bado zipo chache katika masanduku huku na Likasi, Kambove na Lubumbashi. Zile za miaka ya 1950 si za plastiki laini kama zilizofuata. Zikianguka sakafuni zinavunjika kama sahani ya udongo, na zikiachwa kwenye jua zinapinda. Zisimamishwe wima kama vitabu, kila moja katika karatasi yake, mbali na bati la paa, wala zisiwekwe moja juu ya nyingine. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu, kufuata mzunguko wa mistari. Zisipakwe mafuta wala spiriti. Na zisipigwe kwa sindano ya zamani iliyochakaa, maana kila mpigo hula kidogo ya sauti iliyobaki.